Fremu haikuoza, sakafu ndo ilinuka: kisa cha chumba cha vioo kwenye hewa ya unyevu

Kabla sijaanza

Majina nimeyatoa, mahali nimepatoa, na vipimo kadhaa nimevisogeza kidogo ili mtu asijitambue, ila mlolongo wa mambo ni uleule. Mimi sikuwepo wakati wa ujenzi. Niliitwa mwaka mmoja na kitu baada ya chumba kukamilika, kwa hiyo nusu ya haya nimeyaona kwa macho yangu, nusu nimeyapata kwenye picha za simu za mwenye nyumba (bahati nzuri alikuwa anapiga picha kila kitu hadi mifuko ya saruji) na kwa kukaa na fundi mkuu tukaongea, na namshukuru huyu bwana hakujificha wala hakumsingizia mtu. Nitawaita mama mwenye nyumba na fundi, inatosha.

Nyumba ilivyokuwa na walichotaka

Nyumba ya chini, haina ghorofa, kuta za tofali zilizopigwa plasta. Nyuma kulikuwa na baraza la wazi la mita 5 kwa 3.5, ndilo lililogeuzwa chumba cha vioo, jamvi la zamani (sakafu ya zege), nguzo za mbao na paa dogo la mbao, uso wake magharibi. Hali ya hewa ni ile ya joto na unyevu karibu mwaka mzima, mchana nyuzi 31 au 32, usiku 25 au 26 na hewa nzito kiasi kwamba taulo halikauki mpaka kesho yake. Zile mbao zilishapakwa mafuta na rangi mara nyingi sijui ngapi, na kila mwaka kuna nguzo moja inalika chini pale inapogusa jamvi.

Mama kastaafu, magoti hayamruhusu kupanda ngazi, na kauli yake kwa fundi ilikuwa moja: "Fundi, nataka nikae pale bila mbu, bila mvua, na sitaki tena kuona brashi ya rangi nyumbani kwangu." Ombi la haki kabisa. Ila angalieni lilivyokaa, lote linahusu fremu na kazi ya kuitunza, hewa na maji hayakutajwa popote, wala na yeye wala na fundi, wala kwenye karatasi waliyosainiana ambayo iliandika "chumba kisichohitaji matunzo".

Maamuzi waliyofanya na sababu zake

Fremu walipima tatu: mbao, alumini, PVC (plastiki ngumu). Mbao ilitoka dakika ya kwanza. Alumini ni imara na nyembamba ila inapitisha joto na baridi vibaya sana kama haina kipande cha kukata joto katikati, na ile yenye kipande hicho ilizidi bajeti. PVC haiozi, haipati kutu, haili rangi, mchwa hawaitaki, na inapitisha joto kidogo sana. Wakachukua PVC na mimi ningechukua hiyohiyo.

Rangi hapo ndo palikuwa na mvutano. Mama alitaka kahawia nzito ifanane na milango ya ndani, fundi akakataa, akamwambia mama plastiki nyeusi kwenye jua la saa tisa inachemka, na hii PVC huanza kulegea kwenye nyuzi 75 hadi 80, sasa uso mweusi uliotazama magharibi unaweza kusogelea huko. Nyeupe inarudisha jua, na ule unga mweupe unaochanganywa humo, titani dioksidi, ndo unaoikinga isichakae kwa mionzi. Wakaweka nyeupe. Uamuzi mzuri kuliko yote kwenye mradi huu na ulikuwa wa fundi.

Pia alijua kwamba PVC inarefuka ikipata joto, mara tatu hivi ya alumini. Upande wa mbele wa mita 5, ukitoka nyuzi 25 alfajiri ukafika 50 kwenye jua, unarefuka karibu milimita 9, wakati alumini ingekuwa 3. Kwa hiyo mbele akaigawa vipande vitatu na kuweka viungo vinavyocheza. Nguzo za kona akatia chuma cha mabati ndani maana zinabeba paa. Safi.

Paa walikuwa wanataka polikaboneti ya kupitisha mwanga, akawashauri paneli nene zenye povu gumu katikati, kwamba jua la juu ukilikaribisha ndani hulitoi tena. Hapo pia alikuwa sahihi, na mvua ikinyesha mnasikilizana mkiongea.

Vioo: viwili viwili vyenye nafasi katikati, ila vya kawaida, bila lile koti jembamba la kuzuia joto la jua. Sababu ilikuwa hela. Fundi aliwaambia "vioo viwili tayari vinazuia joto" na hiyo kauli ni nusu ya ukweli, nitarudi hapo.

Sakafu: jamvi la zamani libaki, juu yake zege jipya la milimita 50 kusawazisha, halafu mbao za vinili, yaani plastiki, za kubofyana, zile zinaandikwa kwenye boksi hazipitishi maji. Hakuna aliyeuliza chini ya jamvi la zamani kuna nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhini au hakuna. Baraza la wazi nani anawekea nailoni? Na vinili ilitandikwa wiki tatu baada ya zege kumwagwa kwa sababu familia ilikuwa na wageni wanakuja.

Mambo yalivyokwenda, mwezi baada ya mwezi

Mwezi wa kwanza furaha tupu, picha zipo.

Wa pili, msimu wa jua kali, chumba kikawa hakikaliki kuanzia saa tisa mpaka jua lizame. Mama alikuwa na kipimajoto cha ukutani, kimesoma 41. Wakaweka pazia za ndani, nyeupe, nzuri, zikapunguza mwanga na kuokoa macho ila joto lilishaingia, linakaa kati ya pazia na kioo linazunguka linarudi chumbani. Basi wakanunua AC, na kwa sababu chumba kilikuwa kinachemka muuzaji akawapa kubwa kuliko chumba kile kinavyohitaji.

Mwezi wa nne mvua kubwa, maji yakashuka kwenye plasta pale paa jipya linapokutana na ukuta wa nyumba. Fundi akaja akapiga silikoni. Mvua ya pili yakashuka tena, akapiga silikoni juu ya silikoni.

Katikati hapo mlango wa kuteleza wa upande mfupi ukaanza tabia. Asubuhi unaufungua kwa kidole. Saa kumi jioni unavuta kwa mikono miwili na unalia. Wakabadilisha magurudumu, ikawa vilevile.

Mwezi wa saba sisimizi wakaanza kuingia kupitia reli ya chini ya madirisha na mlango. Kijana msaidizi, mchapakazi na ana nia njema kabisa, akaona vitundu vidogo vya mstatili kwenye fremu kwa nje, akasema ndo njia yao, akavijaza silikoni vyote, vya mlango na vya madirisha. Alivipanga kwa ustadi, kila kimoja kimelainishwa kwa kidole. Hakuna aliyemuona.

Mwezi wa tisa harufu. Kwanza karibu na mlango, baadae chumba kizima, ile harufu ya kabati la nguo lililofungwa muda mrefu. Asubuhi vioo vinatoka jasho. Mto wa kiti cha kusomea ukatoa madoa ya kijivu kwa chini. Na mama, ambaye aliambiwa hana haja ya kutunza kitu, akawa anafuta kila siku. Alinipigia mwezi wa kumi na tatu.

Nilichokuta

Nilifika saa tatu asubuhi, AC inaunguruma inazima, inaunguruma inazima, kila baada ya dakika chache. Kipima unyevu changu kikasoma nyuzi 23 na unyevu asilimia 79. Yaani baridi kama pango na mbichi kama pango. Kuvu haihitaji maji ya kumwagika, ikipata uso ambao hewa yake ya karibu inakaa juu ya asilimia 80 kwa siku kadhaa inashukuru inaanza kuota, ndo maana watu wa afya ya majumba wanasema ndani kaa chini ya 60.

Nikapiga magoti nje kwenye mlango. Nikaona zile silikoni, nikachukua waya mwembamba nikachokonoa kimoja, na maji yakatoka. Sio tone, yalitoka kama mtu kafungua bomba dogo, rangi ya chai, na sisimizi waliokufa humo humo. Kitundu cha pili vilevile. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Haya maji yamekaa humo tangu lini?" Nikamwambia, "Mama, tangu vitundu vizibwe, na yakijaa upande huu yanamwagikia ndani."

Kwa asiyejua, fremu hizi hazikutengenezwa kuzuia maji yote yasiingie, zimetengenezwa zikubali kiasi kidogo kiingie kwenye reli halafu kitoke kwa vile vitundu. Ukiviziba umetengeneza bakuli.

Hapo nilishawishika kuwa nimepata jibu lote. Sikupata. Tuliinua vinili karibu na mlango, chini nyeusi, sawa. Tukainua katikati ya chumba, mita 2 kutoka mlangoni, nayo ina madoa meusi yanafuata maungio ya mbao, na maji ya mlango hayawezi kufika huko bila kuacha njia. Kwa hiyo tukaondoa vinili yote, tukaacha sakafu wiki mbili na vitundu vikiwa wazi, halafu nikafanya jaribio la nailoni: unakata kipande cha nailoni safi kama sentimita 45 kwa 45, unakibandika kwenye zege kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, unasubiri walau masaa 16, unainua. Niliweka vitatu, mlangoni, katikati, na kando ya ukuta wa nyumba.

Kesho yake vyote vitatu vina matone kwa chini na zege limekuwa jeusi. Hapo ndo kisa kilipogeuka. Zege jipya hukauka polepole, mafundi wanakadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25, kwa hiyo zile 50 zilihitaji miezi miwili na zilipewa wiki tatu, kosa, ila saa hiyo umepita mwaka, sikuamini kuwa ni ule unyevu wa mwanzo tu. Unyevu unatoka ardhini, unapanda kwenye jamvi lisilo na nailoni, na utapanda maisha. Zamani ulikuwa unapanda ukaishia hewani kwa sababu baraza lilikuwa wazi. Wao wakaufunika na vinili. Ile sifa ya boksi, kwamba haipitishi maji, ni kweli, haipitishi pande zote mbili.

Mlango nao nikaupima saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Upande ule mfupi fremu ni kipande kimoja cha mita 3.5, kichwa kimoja kimeshindiliwa kwa saruji kwenye ukuta wa nyumba, kingine kimebanwa na nguzo ya kona yenye chuma. Inataka kurefuka milimita 6, haina pa kwenda, inapinda kwenda juu katikati na kubana mlango. Fundi aliyejua kugawa upande wa mbele vipande vitatu alisahau upande wa pembeni, na nilipomuonyesha alicheka kwa uchungu, akasema alimuachia kijana amalizie kona ile siku ya mwisho.

Hili la jasho la vioo, nisimame hapa kidogo

Watu wengi wakiona kioo kina matone wanasema chumba kibovu, wakati inategemea matone yako upande gani. Kwa nyumba hii yalikuwepo mahali patatu na kila mahali pana maana yake.

Kwa nje: alfajiri vioo vilikuwa vinalowa kwa nje. Hewa ya usiku ya nyuzi 26 yenye unyevu asilimia 90 inaanza kuacha maji kwenye kitu chochote chenye nyuzi 24 kushuka chini. Siku ambazo madirisha yamefungwa AC inalala 21 usiku kucha, kioo kinapoa, nje kunalowa, sawa na glasi ya maji ya barafu. Hakuna ubovu wowote hapo, jua likitoka yanakauka, kinachoonekana ni kwamba mnapooza kupita kiasi.

Kwa ndani: hii ndo mbaya. Ilitokana na mazoea ya mama, siku nyingine, ya kuzima AC na kufungua madirisha usiku "chumba kipumue" halafu saa moja asubuhi anafunga na kuwasha AC. Kupumua kwenyewe ni hivi: kila mita moja ya ujazo ya ile hewa ya usiku imebeba karibu gramu 22 za maji. Chumba kile na paa lake ni kama mita 45 za ujazo. Kwa hiyo kila usiku wa namna hiyo alikuwa anakaribisha karibu lita moja ya maji ndani, yakisubiri uso wa baridi wa kukalia. Kwenye nchi zenye hewa kavu ushauri wa kufungua madirisha usiku ni mzuri sana, kwenye hewa kama hii ni kujibebea ndoo.

Katikati ya vioo viwili: kulikuwa na dirisha moja lenye ukungu usiofutika kwa ndani wala kwa nje. Huo ni mpira wa kingo umekufa, kile kioo kimepoteza ukavu wake, hakuna kusafisha wala kutoboa, kinabadilishwa kioo chenyewe fremu inabaki. Kilikuwa bado kwenye dhamana wakabadilishiwa.

Na ile AC kubwa ikakoleza. AC inatoa unyevu pale tu inapofanya kazi mfululizo na koili yake ikakaa baridi muda wa kutosha maji yadondoke na kutoka kwenye bomba. Ikiwa kubwa mno kwa chumba inapoza hewa fasta, inafika 23, inazima, yale maji yaliyoko kwenye koili yanarudi hewani. Ndo maana unakuta ubaridi na ubichi kwa pamoja.

Tulichofanya, na kwa nini kwa mpangilio ule

Nilisisitiza tufuate maji kwanza halafu jua halafu mashine, maana ukianza na mashine unainunulia kazi ya kudumu.

Paa: tukafuta silikoni yote, tukakata mfereji wa kina cha milimita 25 kwenye plasta mpaka kwenye tofali, flashingi ya alumini (bati jembamba la kufunika maungio) ikaingizwa humo na kukunjwa kushuka juu ya paneli, halafu mfereji ukajazwa. Silikoni iliyobandikwa juu ya plasta yenye rangi inashika rangi tu, rangi ikibanduka na yenyewe inaondoka, na hapo ndipo ilipokuwa inafeli kila mara. Gata nayo ilikuwa inamwaga pembeni moja kwa moja kwenye kizingiti cha mlango, ikaongezewa bomba la kushuka linalopeleka maji mbali na msingi.

Vitundu tukavifungua vyote, vile vya nje vikawekewa vifuniko vidogo vyenye mdomo unaotazama chini. Sisimizi bado wanapita mmoja mmoja, mama kakubali.

Kichwa cha fremu upande wa ukuta tukachonga ile saruji kwa tindo, tukaacha nafasi ya milimita 10, ndani ikajazwa kamba laini ya povu na juu silikoni isiyo na harufu ya siki, maana ile yenye harufu ya siki inakula chuma. Mlango ukapona kesho yake, ingawa kizingiti kimebaki na mpindo kidogo ambao hautanyooka tena.

Sakafu ndo ilikuwa maumivu. Kulikuwa na njia ya kuvunja jamvi lote na kuanza na nailoni, ndo njia sahihi kabisa kitabuni, ila nguzo za kona zimesimama juu ya jamvi hilohilo na kuvunja kungegusa paa. Tukasaga uso wa zege, tukapiga epoksi ya kuzuia unyevu tabaka mbili, juu vigae vya kauri. Nilimwambia mama wazi kwamba epoksi inazuia, haiponyi, na unyevu ukizuiwa katikati utatafuta kingo, kwa hiyo chini ya ukuta wa nyumba tuache plasta ipumue, isipakwe rangi ya mafuta.

Jua: mama alitaka stika nyeusi za kubandika kwenye vioo. Nikakataa kwa vioo viwili viwili, kwa sababu stika inayonyonya joto upande wa ndani inakichemsha kioo cha ndani bila usawa na kinaweza kupasuka, na dhamana ya vioo kwa kawaida inaondoka siku hiyohiyo. Hesabu ya upande ule ni rahisi: vioo vya mbele ni kama mita 10 za mraba, jua la alasiri likipiga ukuta wa magharibi linaweza kuleta wati 600 na zaidi kwa mita, na kioo cha kawaida hata kiwe viwili kinapitisha karibu saba katika kumi. Hizo ni hita nne za wati elfu zinawaka ndani ya chumba kimoja. Vioo vyenye koti vingepitisha tatu katika kumi, ndo ule ukweli uliobaki wa kauli ya fundi: vioo viwili vinazuia joto la hewa, joto la jua linapita kama hakuna koti.

Kubadilisha vioo vyote kulishindikana kwa hela. Tukaweka pazia za nje za kuzungusha, wavu mzito, zimekaa sentimita 15 mbali na kioo ili joto lipande liondoke kabla halijagusa. Mama hazipendi mpaka leo, anasema zimemnyima machweo, na kwa kweli machweo ndo sababu moja ya chumba kile kujengwa.

AC kubwa ikahamishiwa sebuleni, ikaja ndogo yenye kompresa inayopunguza mwendo badala ya kuzima, pamoja na mashine ya kukausha hewa iliyowekwa 55 na bomba lake linatoka nje moja kwa moja, hakuna ndoo ya kumwaga. Madirisha yanafungwa usiku. Mlango wa kati ya chumba na nyumba nao ukafungiwa mpira na unakaa umefungwa, maana kabla ya hapo chumba kilikuwa kinaambukiza ubichi nyumba nzima.

Matokeo baada ya mwaka mwingine

Unyevu unacheza kati ya 52 na 58, tumeona mara moja ukifika 64 siku umeme ulipokatika. Harufu hakuna. Vipande vya nailoni nilirudia kwenye kona moja tuliyoacha bila kigae kwa makusudi, pakavu. Maji hayashuki ukutani, na misimu miwili ya mvua imepita.

Joto la saa kumi limeshuka kutoka 41 hadi 33 bila AC, pazia za nje zikiwa chini.

Matunzo yaliyobaki ni haya na niliyaandika kwenye karatasi nikabandika ndani ya kabati: mara mbili kwa mwaka kuosha fremu kwa maji na sabuni laini, hakuna msasa, hakuna asetoni wala tina, zinaiyeyusha PVC, wakati huohuo kupitisha waya kwenye vitundu, kufyonza mchanga kwenye reli na kuweka kilainishi kikavu cha silikoni badala ya mafuta, mafuta yanakusanya vumbi yanakuwa gundi, kuosha chujio la mashine kila mwezi. Upande wenye kivuli fremu inaota ukijani, inatoka kwa sabuni.

Kilichofanya kazi na kilichofeli, nikiangalia nyuma

PVC yenyewe sina neno nayo. Nyeupe, chuma kwenye nguzo, viungo vinavyocheza mbele, paneli za povu juu, hayo yote yalishika na bila hayo tungekuwa tunabomoa. Nasema hivi kwa sababu majirani wawili walishaanza kusema "plastiki hazifai kwenye unyevu" na sio kweli.

Kilichofeli kwa mtazamo wangu kilianzia kwenye ile karatasi ya makubaliano. Neno "kisichohitaji matunzo" liliwafanya wote wawili waache kuuliza. Fundi alijibu swali la fremu vizuri mno na hakuna aliyempa swali la jamvi, na mimi nadhani angeulizwa "unyevu wa ardhini utatokea wapi ukishafunika hapa" angejibu, maana sio mtu mjinga. Badala yake kila tatizo lilitibiwa peke yake: joto likaletewa AC, AC ikaleta ubichi, ubichi ukaletewa madirisha wazi, madirisha yakaleta maji. Nikichora kwenye karatasi ni duara, na limeanzia kwenye vioo visivyo na koti upande wa magharibi.

Kosa langu pia nilitaje. Siku ya kwanza baada ya kuona yale maji ya reli nilimwambia mama "tumeshamaliza", na alishaanza kumpigia mtu wa vinili aagize nyingine. Kama angekuwa na haraka kama mara ya kwanza tungetandika vinili mpya juu ya jamvi lilelile. Kilichotuokoa ni kwamba duka halikuwa na rangi aliyoitaka.

Lile la kijana na silikoni watu huwa wanacheka nikisimulia, ila sioni la kumlaumu. Hakuna aliyewahi kumwambia vile vitundu vya nini. Fundi siku hizi kabla ya kukabidhi kazi anamwaga jagi la maji kwenye reli mbele ya mwenye nyumba na wasaidizi wake wote, wanatazama yanavyotokea nje.

Yaliyobaki bila kutatuliwa: ule mpindo wa kizingiti upo, mpira wa kona moja umeanza kusinyaa na utabadilishwa, na kwenye miezi ya jua kali mama bado hakai mle kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Jua likikaribia kuzama anapandisha zile pazia za nje kwa mkono, dakika ishirini za mwisho, ayaone machweo yake, na mashine ya kukausha inaunguruma kidogo zaidi.